Barua ya Wazi: Jicho la Mzee wa Hagadera Haliwezi Kungoja Kibali

Kwa:
Waziri wa Afya wa Kaunti ya Garissa,
Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi,
Ofisi ya UNHCR Dadaab na mashirika yanayotoa huduma za afya Hagadera,
Wenye maduka ya dawa katika soko la Hagadera.

KUH: WAZEE WANAOPOTEZA MACHO KWA MAJERAHA YANAYOTIBIKA

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Fafi, mzaliwa wa upande wa wenyeji, na kama maelfu ya wenzangu, soko langu, msikiti wangu na hospitali yangu viko Hagadera. Ninaandika kuomba jambo moja. Mzee yeyote anayeumia jicho Hagadera, awe mkimbizi au mwenyeji, aonwe siku hiyo hiyo na mtu aliyefunzwa kazi ya macho. Na jeraha likihitaji daktari mpasuaji, asafirishwe siku hiyo hiyo bila kungojea saini ya mtu. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, wakati Somalia ilipokuwa ikiwaka moto. Mtu aliyeingia humu mwaka huo akiwa na miaka 40 sasa amepita 70. Kambi tatu za mwanzo za Dadaab zilikusudiwa watu 90,000, na kwa muda mfupi. Zikapokea karibu nusu milioni wakati wa ukame wa 2011, na ule muda mfupi umewazeesha watu. Lakini huduma za afya bado zimepangwa kana kwamba mwenye haja ni mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 peke yao. Chanjo ina siku yake, lishe ina siku yake, uzazi una jengo lake. Mzee hupanga foleni ile ile na kila mtu, na akisema jicho linamwasha huambiwa ni uzee.

Keti nje ya msikiti wowote wa Hagadera baada ya Alasiri, uwatazame wanaotoka na bakora zao. Hukosi kuona jicho lililoingia ukungu mweupe. Ukiuliza, jibu huwa fupi: mwiba, ukuni, pembe la mbuzi, nilianguka. Kisha hufuata neno la kadari. Kadari tunaiamini sote, ila tumefundishwa pia kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu. Ninalolalamikia ni kwamba hapa ngamia hakufungwa.

Niwaeleze basi wazee wetu wanaumia vipi, maana mwenye kupanga dawa bila kujua chanzo hufanya kazi ya kubahatisha.

Cha kwanza ni miiba. Nyua za Hagadera ni miiba, maboma ya mifugo ni miiba, na kuni nyingi zinazochomwa ni za miti ya miiba. Migunga ilikuwepo tangu zamani. Iliyoongezeka ni mathenge, ambayo Wasomali huiita garanwaa. Mti huu ulienezwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, nao ukaota ukavuka kila mpaka uliowekewa. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani wakidai fidia kwa hasara walizopata kutokana na mti huo. Sisi wa Garissa tuna kesi yetu kwenye macho. Mzee anayejipenyeza kumtoa mbuzi aliyenasa kwenye kichaka husukuma tawi kwa mkono, tawi likarudi kwa kasi na kumpiga usoni. Ngozi ya mkono huvumilia mwiba. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, haivumilii.

Cha pili ni kuni. Kadiri miti ilivyokatwa karibu na kambi, ndivyo wanawake wanavyozidi kwenda mbali kuokota, na ayeyo, yaani bibi, ambaye hana binti wa kumtuma huenda mwenyewe. Akirudi hupasua kuni kwa shoka butu juu ya jiwe. Kibanzi kikiruka hurukia juu, na uso wake uko papo hapo, umeinama. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, kuni zikazidi kuwa bidhaa ya kuuza ili kununulia sukari na unga. Mikono inayopasua kuni siku hizi imezeeka kuliko ya zamani.

Cha tatu, ambacho watu husahau, ni kuanguka. Katika nchi zenye takwimu nzuri za hospitali, kuanguka kumeonekana kuwa sababu kuu ya majeraha makubwa ya macho kwa wazee, na mara nyingi huangukia nyumbani kwao wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio na zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza. Hagadera mzee huamka usiku kwenda choo kilicho nje ya ua. Njiani kuna kamba ya hema, jiwe la meko, mkokoteni wa punda ulioachwa mikono ikiwa imeelekea mbele. Taa hakuna. Kama ana mtoto wa jicho hata mwezi hamsaidii. Aliyepata kupasuliwa mtoto wa jicho miaka iliyopita ana hatari nyingine: kovu la upasuaji ule hubaki kuwa sehemu dhaifu ya jicho, na pigo ambalo kijana angelala nalo akaamka na uvimbe tu, kwake linaweza kulipasua jicho pale pale palipopita kisu.

Cha nne ni mifugo. Mbuzi hurusha pembe anapokamuliwa, ng'ombe hupiga mkia uliojaa matope na miiba, ngamia hugeuza shingo ghafla. Wachungaji wazee hawafui dafu mbele ya mnyama mwenye hasira, na macho yaliyofifia hayaoni pembe linalotokea ubavuni.

Cha tano ni nyoka. Swila hutema sumu na kulenga macho. Swila mwekundu anaishi katika nyanda kavu kama zetu, na swila mkubwa wa mashariki ya Afrika, aliyetambuliwa na wanasayansi kuwa aina ya pekee mwaka 2007 kutokana na nyoka wa Watamu, naye yumo katika nyanda kavu za Kenya. Mzee anayeinua gunia au kufukunyua rundo la kuni alfajiri hukutana naye uso kwa uso. Sumu hiyo ikioshwa mara moja kwa maji mengi jicho hupona mara nyingi. Ikiachwa, huichoma konea.

Mwisho ni vitu vya nyumbani na vya kazi: chokaa na saruji za mjengo, maji ya betri za sola, jiki, na vile vichupa vya gundi kali vinavyofanana mno na vichupa vya matone ya macho, ambavyo mtu asiyeona vizuri huvishika gizani na kujidondoshea. Ongeza kijiti kimoja cha wanja kinachozunguka macho ya nyumba nzima. Na kuna majeraha yanayotoka kwenye mkono wa mtu mwingine. Wapo wazee wanaopigwa, wengi wao wajane, nao wakifika hospitalini husema walianguka. Mhudumu asiyeuliza zaidi humrudisha mzee huyo kwa aliyempiga.

Waheshimiwa, mtauliza: je, kijana hachomwi na mwiba? Huchomwa. Lakini jicho la mzee si jicho la kijana. Machozi yake yamepungua, na machozi ndiyo yanayosafisha uchafu na kupambana na vijidudu. Kope zake zimelegea, hazifungi barabara. Hisia za konea zimepungua, hivyo mchubuko ambao ungemfanya kijana apige kelele, yeye huuhisi kama mchanga tu. Akiwa na kisukari, kidonda huchelewa kufunga. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, pigo dogo humwaga damu nyingi ndani ya jicho. Na pengine lile jicho jingine lilikwisha zamani kwa mtoto wa jicho au kwa presha ya macho, kwa hiyo lililochomwa ndilo pekee alilobaki nalo.

Sasa tazameni saa zinazofuata baada ya jeraha, maana humo ndimo jicho linamopotelea.

Nimepata kusimama kando ya afisa wa kliniki wa macho akimpima bibi aliyechomwa na kijiti. Alichukua kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya machungwa, akakilowesha tone moja la maji safi, akagusisha ndani ya ukope wa chini, akamwambia bibi apepese. Kisha akafunika mlango kwa shuka na kuwasha tochi yenye mwanga wa buluu. Juu ya konea ukajitokeza mstari wa kijani kibichi, mfupi kuliko punje ya mchele, uking'aa. Huo ndio mchubuko wenyewe. Akampa mrija mdogo wa mafuta ya macho, akamwonyesha mjukuu namna ya kuvuta ukope na kuweka, akasema: mara tatu kwa siku, mrudishe kesho kutwa. Kazi yote haikufika muda wa kunywa kikombe cha chai. Kikaratasi, tochi na mrija ule si vitu vya kuagizwa Ulaya kwa ndege.

Bibi huyo alikuwa na bahati ya kufika mapema. Wengi hawafiki. Kwanza hujaribu ya nyumbani: maziwa ya mama anayenyonyesha, sukari iliyosagwa, maji ya majani fulani, au kuchomwa chuma cha moto pembeni mwa paji la uso. Sisemi hayo kwa dharau. Ni watu waliozoea kujitibu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuwatibu. Lakini jicho lililochubuliwa na mmea huenda tayari limepandwa vimelea vya kuvu, na kila kisicho safi kinachoingizwa humo huongeza hatari. Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walipowachunguza wagonjwa wenye vidonda vya konea waligundua kuwa karibu 6 kati ya 10 walikuwa wametumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitalini, na wengi walifika wiki zikiwa zimepita tangu jicho lianze kuuma. Sioni sababu ya kudhani kwamba Hagadera tuna haraka kuliko Mbarara.

Baada ya dawa za nyumbani hufuata duka la dawa. Hapa nawageukia ninyi wenye maduka. Mteja anakuja na jicho jekundu, anataka nafuu kabla ya Magharibi. Mnampa matone yenye deksamethasoni au mwenzake wa jamii hiyo ya steroidi. Usiku huo wekundu hupungua na maumivu hutulia. Mzee anawasifu. Kumbe dawa ile imewanyamazisha walinzi wa mwili, na kuvu iliyoingia na mwiba inajilia konea bila bughudha. Siku ya kumi anarudi na doa jeupe katikati ya jicho, nanyi mnamwambia sasa aende hospitali. Namjua mzee wa jirani yangu aliyepita njia hiyo hatua kwa hatua. Duka silitaji, maana si moja. Wapo pia wanaouza matone ya ganzi ili mtu alale, ilhali ganzi ya macho ni ya kutumiwa na mpimaji tu. Ikiwekwa siku baada ya siku huua ngozi ya juu ya konea yenyewe.

Kisha kuna barabara. Kutoka Dadaab hadi mji wa Garissa ni kama kilomita 100, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya 360. Jicho lililopasuka linatakiwa kushonwa ndani ya saa 24, kabla vijidudu havijajaa ndani. Mwenyeji mwenye nauli hupanda gari alfajiri. Mkimbizi haruhusiwi kutoka Dadaab bila kibali, na kibali kina fomu, fomu ina ofisi, na ofisi ina saa za kazi na mwisho wa wiki. Mzee akiumia Ijumaa jioni, hesabu mnaweza kuifanya wenyewe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huku kwetu huumiza na macho.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima na wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na kwa Serikali. Jicho lililopasuka ni dharura kwa kipimo chochote cha udaktari. Kuliweka kwenye foleni ya vibali ni kuvunja ahadi hizo zote mbili kwa mkupuo.

Huenda mkasema fedha hazipo, hasa baada ya Marekani kukata misaada mwaka 2025. Najua. Ndiyo maana sikuja kuomba hospitali ya macho ya ghorofa. Ninachoomba kimewahi kujaribiwa na watu maskini kama sisi.

Katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, katika miaka ya 1990, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mchubuko wa konea kwa kikaratasi kile kile cha rangi na tochi ya buluu, na kutoa mafuta ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya michubuko 442 waliyoitibu, 424 ilipona bila maambukizi, na hakuna hata mmoja aliyetibiwa ndani ya saa 18 aliyepata kidonda cha konea.

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Utafiti mkubwa zaidi wa Nepal, uliochapishwa 2022, ulipofananisha vijiji vyenye wahudumu wa aina hiyo na vijiji visivyo nao, haukuona vidonda vya konea vikipungua katika vijiji vizima. Mimi nasoma tafiti hizo mbili pamoja na kupata fundisho hili: mafuta humsaidia anayefika mapema, lakini kuweka mafuta kijijini peke yake hakumfikishi mtu mapema. Lazima watu waambiwe, maduka yabanwe, na njia ya kwenda kwa daktari iwe wazi. Kipande kimoja kikikosekana, vingine ni pambo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais alizindua jijini Nairobi kikosi cha wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wa Fafi na Dadaab waongezewe tochi ya buluu, vikaratasi vya rangi na mafuta ya macho, na wafunzwe na afisa wa kliniki wa macho. Wafunzwe pia mipaka yao: jicho lililochanika, lenye mwiba uliokwama, lenye damu ndani, au lililopoteza uwezo wa kuona ghafla halipewi mafuta, hupelekwa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iwe na dawa ya matone ya kuvu wakati wote. Natamisini, moja ya dawa hizo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Kukosekana kwake Garissa hakuna utetezi. Na upasuaji wa mtoto wa jicho uhesabiwe kuwa kinga ya majeraha, kwa sababu mzee anayeona haangukii mkokoteni.

Kwako Kamishna. Toa agizo moja la maandishi: barua ya rufaa ya dharura ya jicho, iliyotiwa saini na afisa wa kliniki aliye zamu, iwe ndiyo kibali cha mgonjwa na msindikizaji wake mmoja, saa yoyote, siku yoyote, na iheshimiwe katika kila kizuizi cha barabarani kutoka Dadaab hadi Nairobi. Mzee wa miaka 70 aliyefungwa bandeji jichoni hahatarishi usalama wa taifa.

Kwenu UNHCR na mashirika ya afya. Kila kituo cha afya cha Hagadera kiwe na mtu mmoja, hata mkimbizi anayelipwa posho, ambaye kazi yake ya kwanza asubuhi ni macho. Wekeni taa za sola kwenye njia za vyoo, mkianza na nyumba zenye wazee. Gaweni miwani ya plastiki ya kukinga macho kwa wapasua kuni, na majiko yanayokula kuni kidogo yawafikie wajane kwanza. Wekeni daftari la majeraha ya macho lenye umri, chanzo, na saa tangu kuumia hadi kutibiwa. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 1998 yalisema karibu watu milioni 19 duniani walikuwa na upofu au uoni hafifu wa jicho moja kwa majeraha. Wa Hagadera hawatajulikana idadi yao mpaka mtu aanze kuwaandika.

Kwenu wenye maduka ya dawa. Acheni kuuza matone ya steroidi na ya ganzi bila karatasi ya daktari. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuwakagua, nami naiomba ifike. Lakini ninyi ni majirani zetu, wengi ni wana wa wazee hawa hawa. Mkimwona mteja mwenye jicho jekundu aliyeguswa na mmea, mwambieni neno moja: kituoni, leo. Hamtapoteza faida kubwa, na mtaokoa jicho.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais tarehe 28 Machi 2025, umeahidi huduma za pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji. Kama mnatafuta mahali pa kuanzia ambapo hakuna atakayelalamika kwamba mwingine amependelewa, anzieni hapa. Mwiba hauulizi kadi ya rashoni wala kitambulisho.

Neno langu la mwisho ni kwenu wana na wajukuu, kwa kuwa barua hii haitawafikishia mafuta kesho. Kemikali, chokaa au sumu ya swila ikiingia jichoni, mwageni maji safi mengi papo hapo, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa nusu saa nzima, ndipo mtafute gari. Mwiba uliokwama msiuvute. Jicho lililochanika msilikamue, msilioshe, msilitie chochote; kateni kitako cha kikombe cha karatasi, mkifunike juu ya jicho bila kuligusa, mkibandike kwa plasta kwenye mfupa wa paji na wa shavu, na muondoke. Wanja wa mtu usiguse jicho la mwingine. Kabla hamjalala, ondoeni mkokoteni njiani na mpeni mzee tochi yake mwenyewe. Na ayeyo akisema jicho lina mchanga, msimwambie avumilie. Amevumilia vita, ukame na miaka zaidi ya 30 ya kambi. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Nanyi waheshimiwa, fanyeni ili akifika amkute mtu.

Wenu katika kutetea wazee,

Mkazi wa Fafi,
Kaunti ya Garissa.